Slipu ya mshahara ya mwalimu: isome, hesabu unachodai, kifuatilie

Mwezi wa kwanza wa mshahara wake, kijana wa Hisabati aliyeajiriwa shuleni kwetu huku Temeke alinifuata chini ya mwembe tunapokunywa chai, akaninyooshea simu. "Madam, wamenikata nini humu? Barua ya ajira haisemi hivi."

Nikamwambia avute kiti. Tulikaa pale hadi kengele ya kipindi cha nne, mstari kwa mstari. Tangu siku hiyo wamenifuata wengine sita, wawili wakiwa na miaka kumi kazini. Ndiyo maana naandika. Nafundisha shule za msingi za serikali tangu 2007, na nimegundua kwamba walimu wengi tunalalamikia mshahara tusiojua umejengwaje. Swali la kama mwalimu wa serikali analipwa kwa haki nina jibu lake, ila nataka kwanza uwe na karatasi yako mkononi. Ukilijibu kwa hasira tupu utaambiwa wewe ni mlalamishi. Ukilijibu kwa tarakimu, afisa utumishi atafungua kompyuta.

Kaa na slipu yako

Ipakue kwenye mfumo wa mtandaoni kila mwezi, usingoje siku benki ikikudai. Chapisha ukiweza. Steshenari ya pale kituoni wanachapisha karatasi kwa shilingi mia mbili, na hiyo ndiyo mia mbili yenye faida kuliko zote utakazotumia mwezi huo.

Anza juu: jina, cheki namba (namba yako ya utumishi kwenye mfumo wa mishahara), kituo cha kazi, ngazi ya mshahara. Walimu tuna ngazi yetu, TGTS, na herufi inayofuata ndiyo daraja lako. Mwenye cheti huanzia B, wa stashahada C, wa shahada D. Hakikisha herufi hiyo inalingana na barua yako ya mwisho ya kupandishwa. Usiruke hapa. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Sasa makato. Nitatumia mshahara wa msingi wa 800,000 kwa sababu hesabu yake inakaa vizuri. Wewe weka wa kwako.

Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5 kutoka kwako: 40,000. Kodi haitozwi kwenye hiyo pesa, kwa hiyo kinachobaki kutozwa kodi ni 760,000. Kodi ya mshahara inakwenda kwa vipande: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, ambayo ni 48,000. Jumla ya kodi 68,000. Ukizidi hapo asilimia inapanda hadi 25, na juu ya milioni moja 30. Bima ya afya, NHIF, asilimia 3: 24,000. Ada ya chama cha walimu asilimia 2: 16,000. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000.

Jumlisha. Makato ni 268,000. Unapeleka nyumbani 532,000.

Kijana wangu wa Hisabati alipofika kwenye mstari wa Bodi ya Mikopo alinyamaza kidogo. Yeye alidhani ni kosa. Si kosa, ni sheria, na tangu 2016 ni asilimia 15, kabla ya hapo ilikuwa 8. Lakini angalia baki ya deni kila mwaka, maana kuna walimu waliomaliza kulipa na makato yakaendelea. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa ziliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo mwenye deni la zamani aombe taarifa mpya na aikague vizuri.

Kuna kitu kingine slipu inakionyesha kwa unyonge, na wengi hatukihesabu. Mwajiri naye anachangia. Kwenye PSSSF anaweka asilimia 15, yaani 120,000 kwa mfano wetu, na kwenye bima anaweka 3, yaani 24,000. Hizo ni 144,000 kila mwezi ambazo huzishiki ila ni zako. Nina rafiki anafundisha shule binafsi huku huku Dar. Anapokea zaidi yangu mkononi, lakini Desemba shule ikifungwa hajui kama Januari ataitwa, na alipojifungua alirudi darasani mtoto akiwa na wiki sita. Mimi nilikaa siku zangu 84 za likizo ya uzazi na mshahara ukaingia. Mwenye mapacha anapata 100. Hayo lazima tuyaseme tukipima haki, vinginevyo tunapima nusu.

Theluthi moja yako usiiguse

Mtumishi haruhusiwi kukatwa hadi akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa 800,000, theluthi ni kama 266,667. Benki inajua hesabu hiyo kuliko wewe. Ikiona unapeleka nyumbani 532,000, inaona kuna 265,000 za kukatwa kila mwezi kwa miaka sita au saba, na afisa mikopo atakuja mwenyewe hadi ofisi ya walimu na fomu zake.

Mimi sikatazi mkopo. Kiwanja changu cha Chamazi nimekinunua kwa mkopo. Ninachosema ni kwamba ule mstari wa theluthi ni ukingo wa shimo, usiujengee nyumba. Mwalimu aliyebakiwa na 266,667 hapa Dar es Salaam hawezi kufika tarehe kumi na tano. Hesabu yangu mimi ninayekaa mbali na shule: daladala mbili kwenda na mbili kurudi ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Hapo sijanywa chai. Bado kodi ya nyumba, na mwenye nyumba wa Mbagala anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Ndipo watu wanapoangukia kausha damu. Nimewahi kumsindikiza mwalimu mwenzangu kwa mkopeshaji wa mtaani kufuata kadi yake ya benki. Alifungua droo. Ndani kulikuwa na kadi zimefungwa kwa raba, na kila kadi ina kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu namba ya siri. Kadi za walimu, wauguzi, polisi. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anakwenda mashine usiku, anatoa chake na riba yake, kisha anampigia mwenye kadi simu aje achukue kilichobaki. Mwenzangu alikuwa amekopa laki tatu za kumpeleka mtoto kidato cha tano. Alikuwa ameshalipa laki saba na bado hajaisha. Nililia nikiwa kwenye bajaji, na sioni aibu kulisema hilo. Kama una shida, nenda SACCOS ya walimu, nenda kikoba, uza kuku, ila kadi yako isitoke mfukoni.

Madai ambayo slipu haiyaonyeshi

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu kwa maoni yangu dhuluma kubwa ya mwalimu iko hapa kuliko kwenye mshahara wenyewe.

Madai yetu yako makundi mawili, na ukiyachanganya utazungushwa. Kuna malimbikizo ya mshahara: umepanda daraja, tarehe ya kuanza imepita, mshahara haujabadilika, au umeajiriwa na miezi ya kwanza hukulipwa. Hayo hushughulikiwa kwenye mfumo wa mishahara na hulipwa na Hazina. Halafu kuna madai yasiyo ya mshahara: nauli ya likizo, fedha za uhamisho, posho ya kujikimu ya ajira mpya, gharama za masomo. Hayo yanalipwa na halmashauri kutoka kwenye bajeti yake. Ukipeleka dai la likizo kwa mtu wa malimbikizo atakuambia "njoo wiki ijayo" mpaka ustaafu.

Likizo ya mwaka ni siku 28, na nauli ya kwenda kwenu unalipiwa mara moja kila miaka miwili, wewe, mwenzi wako na wategemezi wasiozidi wanne. Jaza fomu mapema, wakati bajeti inapangwa, usisubiri Desemba uko Ubungo umeshika begi. Uhamisho: ukihamishwa na mwajiri, unadai posho ya kujikimu, usafirishaji wa mizigo, na fedha ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Ukiomba mwenyewe, hulipwi. Walimu wengi wanaotaka kuja Dar kumfuata mume au mke wanasaini maombi binafsi bila kujua wamejifungia mlango wa fedha. Si vibaya kusaini, ila jua unachosaini.

Kupanda daraja ndiko kwenye fedha nyingi. Anayekupandisha si mwalimu mkuu wala mkurugenzi, ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyochukua kazi hiyo kutoka idara ya zamani mwaka 2016. Wanaangalia miaka yako kwenye daraja ulilopo na utendaji wako, na siku hizi utendaji unapimwa kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima kazi za watumishi. Najua inachosha kujaza kazi zako kwenye simu saa nne usiku baada ya kusahihisha. Jaza. Mwalimu bora wa shule nzima akiwa hajajaza, mfumo unamwona hajafanya kazi.

Niliyopitia mwenyewe. Mwaka 2016 nilistahili kupanda. Huo ndio mwaka serikali iliposimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na mwaka uliofuata vikaja vyeti feki. Uhakiki ulikuwa wa lazima, silaumu, lakini sisi tulioajiriwa kwa vyeti halali tulisubiri pamoja na wenye makosa. Barua yangu ilikuja hatimaye, na tarehe ya kuanza imeandikwa. Nikaiweka kwenye sanduku la bati nikasubiri mshahara upande. Mwezi ukapita, wa pili, wa tano. Nilikuwa nakwenda ofisini naambiwa "iko kwenye mchakato".

Miezi 14. Tofauti ilikuwa karibu laki mbili kwa mwezi.

Mwezi wa 14 nilikwenda na slipu yangu na barua yangu, nikamwomba dada mmoja wa masjala tusome pamoja. Kwenye orodha waliyoingiza kwenye mfumo, tarakimu moja ya cheki namba yangu ilikosewa: saba imeandikwa moja. Mtu aliyekuwa "kwenye mchakato" hakuwepo duniani. Yule dada alisahihisha kwa dakika kumi. Mshahara ulibadilika mwezi uliofuata. Malimbikizo yenyewe, zaidi ya milioni mbili na nusu, yalichukua miaka mitatu mingine. Nilipoyapata mwanangu niliyekusudia kumlipia ada ya chuo kwa fedha hizo alikuwa ameshaahirisha mwaka.

Ndiyo maana nikasema usiruke ile herufi na ile namba juu ya slipu.

Namna ya kufuatilia

Nunua faili ngumu ya kufunga kwa kamba. Weka ndani nakala za barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, vyeti, kila barua ya kupandishwa, na slipu mbili kwa kila badiliko: ya mwezi kabla na ya mwezi baada. Asili zibaki nyumbani. Piga picha kila kitu kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe, maana huku kwetu Mbagala mvua za masika zikiingia ndani hazichagui karatasi.

Dai lako liandike. Maneno ya mlangoni hayana ushahidi. Barua iende kwa mkurugenzi wa manispaa, ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu, na nakala kwa TSC wilaya kama linahusu daraja. Nusu ukurasa inatosha: jina, cheki namba, shule, unachodai, tangu lini, kiasi gani, na viambatisho. Hesabu uiweke mwenyewe. Usiandike "naomba kulipwa stahiki zangu", andika "nadai tofauti ya mshahara kwa miezi 14, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani".

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokea wenye tarehe. Hapa walimu wengi wanaona haya. Mtu wa masjala akikuambia "iache tu mwalimu, tutaishughulikia", mjibu kwa upole: "Shikamoo, naomba tu muhuri kwenye nakala yangu." Simama hapo hapo. Nakala ile yenye wino wa bluu imenisaidia mara mbili waliposema hawajawahi kuona barua yangu.

Rudi baada ya siku 30 ukiwa na nakala. Kama hakuna kitu, andika ya kukumbushia ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na sasa mpe nakala mwakilishi wa chama cha walimu wa wilaya. Unakatwa asilimia 2 kila mwezi, kwa hiyo ofisi ile ni yako. Nendeni wawili watatu wenye dai la aina moja. Mtu mmoja ni kero, watatu ni orodha, na orodha huingizwa kwenye mfumo.

Mkisikia Mei Mosi

Kila mwaka tarehe moja Mei simu zinawaka. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na mwaka 2025 pale Singida Rais Samia akatangaza asilimia 35.1. Zote mbili zilikuwa za kima cha chini cha serikali: mwaka 2025 kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Wengine tulipata nyongeza yetu kwa viwango vingine. Mwenye nyumba hajui hilo. Yeye kasikia 35, na Juni anagonga mlango. Mwambie ukweli, mwonyeshe hata slipu ya Julai ikibidi.

Na wewe unayekaribia miaka 55 ya hiari au 60 ya lazima, anza kukagua michango yako PSSSF sasa hivi, mwezi kwa mwezi, hasa ile miaka ya kabla ya 2018 mifuko ilipounganishwa. Kikokotoo, yaani hesabu ya sehemu ya mafao unayolipwa kwa mkupuo ukistaafu, kwa waliokuwa wakipata nusu kilishuka hadi asilimia 33 Julai 2022, kisha serikali ikakipandisha hadi 40 mwaka 2024. Kinachobaki unalipwa pensheni ya kila mwezi. Mwezi ambao mchango wake haukufika utaulilia uzeeni, na kuusahihisha ukiwa kazini ni rahisi kuliko ukiwa na mkongojo.

Sasa jibu langu

Je, tunalipwa kwa haki? Stahiki zilizoandikwa kwenye sheria na kanuni ni nzuri, na ningezitetea mbele ya mtu yeyote. Mshahara wenyewe hautoshi kazi tunayofanya. Darasa langu la tatu lina watoto 143, wanaingia kwa zamu. Nikitumia dakika moja tu kusahihisha kila daftari, ni saa mbili na dakika 23 kwa zoezi moja la somo moja. Kwenye slipu hakuna posho ya kufundishia wala ya nyumba, na TGTS ni ile ile kwa mwalimu wa kijijini anayelima mahindi yake nyuma ya nyumba na kwa mimi ninayenunua hata mchicha. Mwaka 2012 walimu tuligoma tukidai mshahara upande kwa asilimia 100 na posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa wa sayansi na 50 kwa wa sanaa. Mahakama Kuu ikasema mgomo ni batili, tukarudi madarasani. Posho ile bado naiona ni dai halali.

Lakini kinachoniuma zaidi ni fedha ambayo kila mtu anakubali ni yangu, imeandikwa kwa barua yenye muhuri, halafu inanifikia baada ya miaka minne ikiwa haina thamani ile ile na bila hata senti ya fidia. Mwalimu akichelewa dakika 20 anaandika maelezo. Mshahara wake ukichelewa miezi 14 hakuna anayeandika.

Yule kijana wa Hisabati ameshanunua faili. Barua yake ya kudai posho ya kujikimu imegongwa muhuri Jumanne iliyopita, na tarehe ya kurudi ameiandika kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya walimu, chini ya ratiba ya zamu, ili wote tuione.